Vipimo vyote vinasema niko sawa, mimi najijua siko sawa: hii ni homoni au akili?

Mwanamvua (#1)
Habari za humu ndani wakubwa kwa wadogo. Niende moja kwa moja. Kila mwezi, kama wiki moja hivi kabla sijaingia kwenye siku zangu, nageuka mtu mwingine kabisa. Usingizi unakata, nalia kwa kitu kidogo, hasira mpaka watoto wananikwepa, kazini naona kila mtu ananisema mimi, na kuna siku nawaza kwamba bora nisingekuwepo. Halafu damu ikianza, siku ya pili ya tatu kimya, narudi kuwa mimi yule yule nabaki kujiuliza juzi ilikuwaje.

Nimeenda kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, kapima homoni, kasema zote ziko kwenye kiwango, hili si la kwangu nenda kwa wenzangu wa akili. Wa akili nikamkuta siku niko mzima nacheka, kauliza maswali yake kaandika stresi. Mwingine baadaye kaniambia ni baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana. Kila mlango na jibu lake. Kwa nini haya mambo yetu yanakuwa magumu hivi kugundulika? Na mwenye jukumu la kunitibu ni nani hasa?

Kifimbo (#2)
Pole dada. Hapo homoni zimevurugika tu hakuna kingine. Kuna vidonge vya asili vya kusawazisha homoni vinafanya kazi haraka sana, njoo inboksi nikuelekeze.

BintiZuhura (#3)
Kifimbo toa biashara yako kwenye uzi wa mtu mwenye shida. Kasema zimepimwa ziko kwenye kiwango, wewe unasawazisha nini sasa?

Mkunga Mstaafu (#4)
Mwanamvua mwanangu, kwanza hilo la kuwaza bora usingekuwepo, usilipitishe juu juu. Mwambie mtu mmoja wa karibu leo hii, na mweleze daktari kwa maneno hayo hayo, usiyapunguze ili uonekane jasiri. Hata kama linaondoka baada ya siku chache, linakuja tena mwezi ujao na ndiyo maana ni la hatari.

Pili, unachokieleza kina jina. Kinaitwa PMDD, ni kikali kuliko yale maudhi ya kawaida ya kabla ya hedhi. Kitabu cha Marekani cha kuainisha magonjwa ya akili kilikiingiza rasmi kama ugonjwa unaojitegemea kwenye toleo la 5 mwaka 2013, na orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 nayo inacho. Kwa hiyo ni juzi tu, daktari aliyesoma zamani anaweza akawa hajawahi kufundishwa darasani.

Sasa kwa nini vipimo viko sawa? Kwa sababu kwenye PMDD homoni zenyewe huwa ziko sawa! Shida ni ubongo unavyozipokea zinapopanda na kushuka. Kuna utafiti wa Marekani ulichapishwa 1998, wanawake wenye tatizo hili walizimiwa homoni za ovari kwa dawa, wengi wakapata nafuu, kisha walipoongezewa estrojeni au projesteroni dalili zikarudi. Wale wasio na tatizo walifanyiwa hivyo hivyo na hawakusikia kitu. Homoni zile zile, dozi ile ile, mwili mmoja unaumia mwingine hauna habari. Kipimo cha damu hakitakuonyesha hilo hata ukipima kila siku.

Kinachogundua ni kalamu. Andika kila siku jioni, usingizi, hasira, huzuni, wasiwasi, hamu ya kula, umakini, na siku damu ilipoanza. Angalau mizunguko miwili mfululizo. Daktari akiona dalili zinajaa wiki ya mwisho na wiki ya baada ya hedhi kuko safi, hapo ndipo anapata pa kushika.

Dereva wa Usiku (#5)
Mkunga umefungua watu macho. Kwa hiyo mama watoto akininunia tarehe za mwisho nisichukulie binafsi?

BintiZuhura (#6)
@Dereva wa Usiku inategemea, usije ukawa unakosea kweli halafu unasingizia kalenda 😂

Dereva wa Usiku (#7)
😂😂 Sawa nimekaa pembeni nasoma.

Ladu (#8)
Nitatofautiana kidogo na Mkunga japo namheshimu. Si kila anayenuna na kulia ni PMDD. Mimi nimetibiwa sonona muda mrefu tu, dawa zinaongezwa, nazidi kunenepa, nywele zinakatika, baridi mimi peke yangu wakati wenzangu wanatoa masweta, choo kigumu, hedhi nzito haiishi. Naambiwa kalale upumzike, wewe una mawazo mengi. Daktari mmoja kijana tu kaniangalia uso akasema hebu tupime thairoidi, ile tezi ya shingoni. TSH, homoni inayoiamsha tezi hiyo, ilikuwa juu kupita kiasi, dalili kwamba tezi imelala. Kumezeshwa vidonge vya homoni ya thairoidi ule uzito wa kichwa ukaanza kupungua taratibu, na dawa ya sonona nikapunguziwa baadaye. Kwa hiyo kabla hujaitwa mgonjwa wa akili, pima tezi. Inawapata wanawake mara nyingi zaidi ya wanaume tena mbali.

Mpenda Maabara (#9)
Mimi niko upande wa maabara, niongezee yale tunayoyaona kila siku.

1998 aliyoitaja Mkunga ni sahihi, tena ndiyo utafiti ambao kila anayesema "homoni zako ziko sawa kwa hiyo huna kitu" angepaswa kuusoma.

Ila tatizo jingine ni namna vipimo vinavyoombwa. Mtu anaandikiwa tu "homoni" anakuja siku yoyote. Projesteroni ukiichukua siku ya 5 ya mzunguko lazima itoke chini, haina maana yoyote. Ile inatakiwa kama siku 7 kabla ya hedhi inayofuata, wengi wamekariri "siku ya 21" lakini hiyo ni ya mwenye mzunguko wa siku 28, wa siku 35 ni siku ya 28. FSH, homoni inayokuza mayai, nayo mara nyingi tunaitaka mwanzoni mwa mzunguko. Kupima homoni za mwanamke mara moja ni sawa na kupiga picha moja ya mpira halafu unataka kujua nani alishinda.

Na wale mnaomeza vidonge vya nywele na kucha, vile vyenye bayotini nyingi, tuambieni! Kwenye mashine nyingi bayotini inaweza kuishusha TSH kwa uongo na kupandisha homoni za thairoidi kwa uongo, mtu anaonekana tezi inakimbia wakati haina shida, au mwenye tezi mvivu anaonekana yuko sawa. Acha siku 2 au zaidi kabla ya kutoa damu.

Ladu (#10)
@Mpenda Maabara hilo la vidonge vya nywele ndiyo nalisikia leo. Nywele zinakatika kwa ajili ya tezi, unameza vidonge vya nywele, vidonge vinaficha tezi. Hatari.

Njiwa Mweupe (#11)
Na PCOS, ule ugonjwa wa homoni na ovari, mbona hamuitaji? Mimi hedhi inapotea miezi, ndevu, chunusi, uzito, na roho imevunjika. Kila ninakokwenda naambiwa "punguza uzito kwanza" halafu "ukitaka mtoto urudi". Yaani kama sitaki mtoto sasa hivi basi siumwi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza unalala? una huzuni? Na wakati wenye PCOS wanapata sonona na wasiwasi kuliko wengine, mwongozo wa kimataifa wa 2023 unataka kila mwenye PCOS aulizwe kuhusu hayo.

Kifimbo (#12)
PCOS lazima altrasaundi ionyeshe uvimbe kwenye ovari. Kama hazina uvimbe huna.

Mpenda Maabara (#13)
@Kifimbo hapana. Vigezo vinavyotumika tangu mkutano wa Rotterdam 2003 ni vitatu na unatakiwa uwe na viwili: hedhi isiyoeleweka, homoni za kiume kuwa juu kwa damu au kwa dalili kama ndevu, na ovari zenye vijifuko vingi. Mwenye viwili vya kwanza anaweza kugundulika bila hata altrasaundi. Na vile vinavyoonekana si uvimbe wa kukatwa, ni vifuko vya mayai vilivyosimama njiani havikukomaa. Pia lazima wahakikishe kwanza si thairoidi wala prolaktini (homoni ya maziwa), maana nazo zinasimamisha hedhi.

Shirika la Afya Duniani linasema hadi 70% ya wenye PCOS duniani hawajui kama wanayo.

Msema Kweli (#14)
Naomba nivunje ngoma kidogo. Uzi mzima homoni homoni homoni. Mwanamke anaamka wa kwanza analala wa mwisho, analea, anauguza wazazi, anafanya kazi ya mshahara na ya nyumbani isiyo na mshahara, wengine wanapigwa, wengine walidhalilishwa wakiwa wadogo, halafu akilia tunatafuta homoni. Mimi ni mnasihi, ninaokutana nao wengi hawahitaji TSH, wanahitaji mtu wa kuwapokea mzigo. Tukisema ni homoni tunamsamehe kila mtu anayemuumiza.

Njiwa Mweupe (#15)
@Msema Kweli nakuelewa lakini mimi sipigwi wala silei na bado naumwa. Mkituambia ni maisha, nasi tunaopata majibu ya maisha tu miaka nenda rudi tunakufa na tezi zetu.

Mkunga Mstaafu (#16)
Mnavutana na wote mna hoja. Aliyeumizwa utotoni ana hatari kubwa zaidi ya PMDD, hilo limeonekana kwenye tafiti. Mwili hausomi mpaka wa idara.

Msema Kweli (#17)
Sawa Mkunga, lakini ukishaandika "homoni" kwenye faili, nani atamuuliza tena nyumbani kukoje? Nimeona. Hakuna.

Mfamasia wa Zamu (#18)
Nimepita zamu imetulia kidogo. Kuna upande wa dawa ambao unachanganya watu sana na sijaona aliyeugusa.

Dawa za akili zinagusa homoni. Risperidoni, dawa ya wanaoona au kusikia visivyokuwepo, inapandisha prolaktini, hedhi inakata, maziwa yanatoka mtu hana mimba, anakimbizwa kwa daktari wa wanawake ambaye hajui anatumia risperidoni kwa sababu kaona aibu kusema. Lithiamu, dawa ya baipola, inaweza kuilaza thairoidi, na thairoidi ikilala unapata huzuni, basi wanadhani ugonjwa umerudi wanaongeza dawa. Valproeti, dawa ya kifafa na baipola, inavuruga hedhi na inadhuru mtoto tumboni vibaya sana, haipaswi kupewa msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba ila kama hakuna njia nyingine na anatumia uzazi wa mpango wa uhakika.

Na upande wa pili, vidonge vya majira vyenye estrojeni vinaweza kuishusha lamotrijini, nayo ya kifafa na baipola, kwenye damu hadi nusu. Mtu alikuwa ametulia, kaanza majira, kaanguka, wote wanashangaa. Kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, nayo inaidhoofisha majira na kijiti, mimba inaingia. Kila daktari kaandika dawa yake vizuri tu, aliyeziona zote mbili ni mimi dirishani na foleni nyuma yako.

Mwanamvua: kwa PMDD, dawa za sonona za kundi la fluoksetini na sertralini zinafanya kazi haraka kuliko kwenye sonona, ndani ya siku chache badala ya wiki kadhaa, na wengine wanaandikiwa wanywe wiki mbili za mwisho za mzunguko tu. Ila ukiwa na baipola kweli, dawa hizo peke yake zinaweza kukurusha juu. Ndiyo maana ile baipola uliyoambiwa lazima ithibitishwe au ifutwe kwanza, usianze kwa kuazima za jirani.

Tausi (#19)
Hapo kwenye majira ndipo penyewe. Mimi nilianza vidonge nikawa kama nimefunikwa blanketi zito, furaha hakuna, hamu hakuna. Nikauliza naambiwa "hayo ni mawazo yako, majira haileti hivyo". Nikaacha nikarudi. Denmaki walifuatilia wanawake zaidi ya milioni 1, wakachapisha 2016, wakaona watumiaji wa homoni wanaanza dawa za sonona zaidi kuliko wasiotumia, na hasa wasichana wadogo.

Mfamasia wa Zamu (#20)
@Tausi utafiti upo na namba zake nazijua, ila ongezeko kwa mtu mmoja mmoja lilikuwa dogo, na ule ni wa kufuatilia tu, hauthibitishi kwamba vidonge ndivyo vilivyosababisha. Na kuna majira ambayo ndiyo tiba ya PMDD, zile zenye homoni iitwayo drospirenoni na siku 4 tu za mapumziko zilikubaliwa Marekani 2006 kwa kazi hiyo.

Tausi (#21)
Sawa, lakini mimi si wastani wa Denmaki. Nilizima, niliacha, nikawaka. Nani atanihesabu mimi?

BintiZuhura (#22)
Tausi umeongea 👏 Na ndiyo swali la Mwanamvua hilo hilo. Inakuwaje dawa moja inatibu huyu inamzamisha yule?

Mama Mkubwa (#23)
Nyie bado wasichana, subirini mfike kwangu. Nina 47. Hedhi bado inakuja ila inakuja itakavyo. Usiku jasho, moyo unadunda nadhani nakufa, nasahau majina ya watu ninaofanya nao kazi, na wasiwasi ambao sijawahi kuwa nao maishani. Nikaenda, nikapimwa moyo, mzima. Nikapewa dawa za usingizi. Nikauliza je inaweza kuwa kukoma hedhi, nikajibiwa "bado unaona siku zako, haiwezekani". FSH wakapima ikaja ya kawaida, kesi ikafungwa.

Mpenda Maabara (#24)
Shikamoo Mama Mkubwa. Hiyo kesi isingefungwa. Kwenye kile kipindi cha kuelekea kukoma hedhi FSH inaweza kuwa juu leo, mwezi ujao ikawa ya kawaida kabisa. Mwongozo wa Uingereza wa 2015 unasema wazi mwanamke wa zaidi ya miaka 45 mwenye dalili asitegemewe kipimo cha FSH, agunduliwe kwa dalili na mabadiliko ya hedhi. Kukoma hedhi kwenyewe kunahesabiwa baada ya miezi 12 bila damu, lakini mateso mengi yanatangulia, mtu bado anaona siku zake.

Mama Mkubwa (#25)
Marahaba mwanangu. Na hizo homoni za kurudishia wanazosema zinaleta saratani?

Mkunga Mstaafu (#26)
Dada, hofu hiyo inatoka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani wa estrojeni na projestini (homoni ya kutengenezwa ya mfano wa projesteroni) ulisimamishwa kwa sababu saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda vilizidi. Lakini wanawake wale wastani wao ulikuwa miaka 63, wengi walishakoma hedhi zamani. Kwa wanaoanza kabla ya 60 au ndani ya miaka 10 ya kukoma hedhi, uzani wa faida na hatari unaonekana tofauti. Hatari haijafutika, na mwenye historia ya saratani ya matiti au damu kuganda ni habari nyingine. Mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake. Kaa na daktari mpime yenu wawili, usikubali "ndiyo" wala "hapana" ya dakika mbili.

Kibwebwe (#27)
Niongeze la baada ya kujifungua maana ndilo lililotaka kunichukulia mdogo wangu. Alitoka damu nyingi sana akijifungua, akaongezewa damu, akaruhusiwa. Maziwa hayakutoka. Kachoka, hacheki, hamtaki mtoto wala chakula, wote tukasema sonona ya uzazi. Hata yeye alikubali. Hedhi haikurudi kabisa, nywele za mwilini zikapungua. Ilipita muda mrefu ndipo ikaonekana tezi ya chini ya ubongo iliumia siku ile ya kutoka damu, inaitwa Sheehan. Yaani thairoidi, kotisoli (homoni ya kuhimili msongo), vyote vilikuwa chini. Wangempa dawa za sonona mpaka leo.

Mkunga Mstaafu (#28)
Kibwebwe asante kwa hili, wakunga wenzangu walisome. Damu nyingi + maziwa hayakutoka + hedhi haikurudi, hayo matatu yakikaa pamoja usiandike sonona ukaishia hapo.

Na kwa kina mama wapya: machozi ya wiki mbili za mwanzo yanawapata wengi sana na yanapita. Yakizidi hapo, fomu ya Edinburgh ya maswali 10, ya tangu 1987, inajazwa kwa dakika chache. Thairoidi nayo inaweza kuvurugika kwenye mwaka wa kwanza wa uzazi, karibu 5 kwa kila 100. Na mama akianza kuona au kusikia visivyokuwepo, hajalala siku kadhaa lakini ana nguvu za ajabu, anasema mambo ya kutisha kuhusu mtoto, hiyo ni dharura ya saa ile ile. Inawapata 1 au 2 kwa kila uzazi 1000, na inatibika. Mpelekeni hospitali, msimpeleke kwingine kwanza.

Dereva wa Usiku (#29)
Nimesoma mpaka hapa. Swali la mwanaume: inakuwaje sayansi imefika hapa ilipofika na hiki bado kinakisiwa?

Mfamasia wa Zamu (#30)
@Dereva sababu moja iko kwenye makaratasi. 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingizwe kwenye majaribio ya awali ya dawa, ikaja kulegezwa 1993. Miaka yote hiyo dozi zikawa zinakadiriwa kwa mwili wa mwanaume. Dawa ya usingizi zolpidemu ilikaa sokoni miaka ndipo 2013 wakaagiza dozi ya wanawake ikatwe nusu, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu asubuhi ilikuwa bado imejaa kwenye damu yao na wanaendesha magari.

Dereva wa Usiku (#31)
Wanaendesha magari... nimesisimka, hiyo ndiyo kazi yangu.

Msema Kweli (#32)
Hilo la majaribio naliunga mkono mia. Ila bado nasema, nyumbani kukoje?

Mwanamvua (#33)
Wapendwa nimesoma kila kitu, nimelia lakini kilio kizuri. Nilimwambia dada yangu lile neno la bora nisingekuwepo, amehamia kwangu kwa sasa. Nimeshaanza kuandika. Mzunguko wa kwanza umekamilika na kweli wiki ya mwisho imejaa, ILA wiki ya baada ya hedhi haiko safi kama nilivyodhani. Kuna siku mbili tatu nimeandika huzuni na kukosa usingizi. Kwa hiyo si PMDD?

Mkunga Mstaafu (#34)
Mwanangu asante kwa kutuambia, na mshukuru dada. Siku mbili tatu haziamui, ndiyo maana tunataka mzunguko wa pili.

Msema Kweli (#35)
Inaweza kuwa sonona ya mwezi mzima inayochachamaa kabla ya hedhi. Hiyo ipo na ni tofauti. Na mimi ningeuliza hizo siku mbili tatu kulitokea nini.

Ladu (#36)
TSH umepima au walipima "homoni" tu? Angalia karatasi. Na wingi wa damu na akiba ya chuma pia, hedhi nzito inamaliza mtu.

Mwanamvua (#37)
@Ladu nimeangalia, TSH haimo. Kuna estrojeni na projesteroni, na tarehe ni siku ya 6. @Msema Kweli zile siku kulikuwa na jambo la nyumbani, ndiyo, nitakuandikia pembeni.

Mpenda Maabara (#38)
Siku ya 6 😔 basi ile projesteroni ichukulie kama haikupimwa. Omba TSH, picha ya damu na feritini (ndiyo ile akiba ya chuma), na kama unameza vidonge vya nywele acha kwanza. Daftari nenda nalo siku ile ile.

Tausi (#39)
Na unatumia uzazi wa mpango gani? Hakuna aliyekuuliza mpaka sasa.

Mwanamvua (#40)
Kijiti. Nilikiweka mwaka juzi... na sasa nafikiria, haya yalianza kabla au baada? Ngoja nimuulize dada, yeye ana kumbukumbu kuliko mimi.